WILLIAM HARVEY: TABIBU ALIYEUPIGIA MOYO HESABU

Weka kiganja chako kifuani, upande wa kushoto kidogo, kisha utulie. Hicho kinachogonga humo ndani ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Kila aliyesoma Biolojia anajua kuuchora moyo wenye vyumba vinne, akatia mishale myekundu huku na ya buluu kule, akapata alama zake akaenda zake. Lakini ni wangapi kati yetu tunaojua kuwa mishale hiyo nusura imharibie mtu kazi na jina?

Mtu mwenyewe ni William Harvey. Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1578 katika mji wa Folkestone, pwani ya kusini mashariki ya Uingereza. Baba yake, Thomas, alikuwa mfanyabiashara aliyejiweza, na baadaye alipata kuwa meya wa mji huo. Mama yake aliitwa Joan. William alikuwa kifungua mimba katika nyumba ya watoto tisa. Wengi wa ndugu zake walifuata nyayo za baba, wakafanya biashara London na kutajirika. Yeye alichagua vitabu na visu vya kupasulia.

Alisoma Canterbury, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1593 na kuhitimu shahada ya kwanza mwaka 1597. Hapo hakutosheka. Enzi hizo, aliyetaka udaktari wa kweli kweli alifunga safari hadi Padua, nchini Italia. Huko kulikuwa na ukumbi wa kupasulia maiti, ambao bado upo hadi leo, uliojengwa kwa mbao kwa umbo la yai na kuzungushiwa ngazi sita za kusimamia. Wanafunzi walisimama wakiwa wamebanana kama dagaa, wakichungulia chini mezani. Katika miaka hiyo hiyo Galileo alikuwa akifundisha hesabu katika chuo hicho. Mwalimu wa Harvey alikuwa mzee Fabricius, bingwa wa elimu ya mwili, aliyewaonyesha wanafunzi wake vilango vidogo vilivyomo ndani ya mishipa ya vena. Fabricius alidhani kazi ya vilango hivyo ni kuipunguza damu kasi ili isijae yote miguuni. Harvey aliviona, akavitia akilini, akanyamaza. Alipata shahada yake ya udaktari mwezi wa Aprili 1602, akiwa na umri wa miaka 24.

Ili tuelewe alichokuja kukifanya, lazima kwanza tujue watu waliamini nini. Kwa zaidi ya miaka 1,400 madaktari walifuata mafundisho ya Galen, tabibu wa Kigiriki aliyefanya kazi Roma katika karne ya pili. Kwa mujibu wa Galen, chakula tunachokula hugeuzwa damu kwenye ini. Damu hiyo hutoka kwenye ini ikaenda mwilini kupitia vena, nao mwili ukaila yote kama shamba linyonyavyo maji ya mfereji. Kesho ini hutengeneza nyingine. Sehemu kidogo ya damu hupenya ukuta wa katikati ya moyo kwa vitundu visivyoonekana, ikachanganyika na hewa, ikawa damu ya ateri. Kwa maneno mengine, damu ilikuwa na safari ya kwenda tu, ya kurudi haikuwepo.

Haki itendeke: si kila mtu aliyemfuata Galen kwa kila jambo. Ibn al-Nafis, tabibu mzaliwa wa Damascus aliyefanya kazi Misri, aliandika katika karne ya 13 kwamba ukuta ule wa moyo hauna vitundu, na kwamba damu huzunguka kupitia mapafuni. Realdo Colombo wa Italia naye alichapisha jambo kama hilo mwaka 1559. Lakini hiyo ilikuwa safari fupi ya moyo na mapafu tu. Mzunguko wa mwili mzima ulikuwa bado unamngoja mtu wa kuusema.

Harvey alirudi London, na mwaka 1604 akamwoa Elizabeth Browne, binti ya daktari. Hawakujaliwa watoto. Mkewe alikuwa na kasuku aliyempenda sana, na kila mtu nyumbani alidhani ni dume kwa vile alivyojua kuiga maneno. Kasuku alipokufa Harvey alimpasua, akamkuta na yai tumboni. Ndivyo alivyokuwa bwana huyu! Hata msiba wa ndege ulikuwa somo. Alipasua pia maiti za baba yake na dada yake, jambo ambalo mimi binafsi linanitia ubaridi, ingawa kwake ilikuwa njia ya kujua kilichowaua.

Mwaka 1609 alipewa kazi ya udaktari katika Hospitali ya St Bartholomew, ambako maskini wa London walitibiwa, na mwaka 1616 akaanza kutoa mihadhara katika Chuo cha Matabibu. Mchana mgonjwa, jioni kisu. Alipasua mbwa, nguruwe, nyoka, vyura, samaki, konokono, kila aliyeingia mkononi mwake. Wengi wao walipasuliwa wakiwa hai, na siwezi kulipitisha jambo hilo kimya kimya. Siku hizo dawa ya usingizi ilikuwa haijajulikana. Sababu yake ilikuwa hii: moyo wa mbwa mwenye afya hupiga haraka mno, jicho halipati nafasi ya kutofautisha kukaza na kulegea. Mwanzoni Harvey alikata tamaa, akaona kwamba huenda Mungu peke yake ndiye ajuaye mwendo wa moyo. Kisha akagundua hila mbili. Moyo wa chura na wa nyoka huenda polepole. Na moyo wa mnyama anayekata roho nao hupunguza mwendo, hivyo kila hatua ikaonekana.

Alichokiona kilikuwa kinyume cha vitabu. Watu walidhani moyo hufanya kazi unapotanuka, yaani unavuta damu kama mvukuto uvutavyo hewa. Harvey aliona kwamba kazi ya moyo ni kukaza: unapojikaza unakuwa mgumu kama msuli wa mkono, unagonga kifua, unaisukuma damu nje. Alikuwa pia na kamba wadogo waliovuliwa katika mto Thames na baharini, ambao miili yao hupenyeza mwanga. Aliwatia majini akawaonyesha rafiki zake moyo ukicheza ndani, bila kisu wala tone la damu, mithili ya mtu achunguliaye kupitia kioo cha dirisha. Mkumbuke kamba huyo, nitamrudia.

Sasa tufike kwenye hesabu, na hapa ndipo penye utamu. Wapasuaji walikuwepo wengi kabla ya Harvey. Kilichowakosa ni kuuliza swali moja dogo ambalo hata mama muuza maziwa huuliza: ni kiasi gani?

Harvey alichukua moyo wa maiti, akaupima ventrikali ya kushoto, akakuta inabeba zaidi ya wakia mbili za damu. Je, kila pigo linatoa kiasi gani? Hakuwa na njia ya kuona ndani ya mtu aliye hai, basi akakisia, na akakisia kwa kujibana makusudi. Tuseme robo tu ndiyo inayotoka, yaani nusu wakia. Ukiona ni nyingi, ipunguze zaidi. Moyo unapiga mara ngapi kwa nusu saa? Alisema zaidi ya mara 1,000, na kwa wengine 2,000, 3,000 hata 4,000. Tuchukue ile ndogo kabisa. Nusu wakia mara 1,000 ni wakia 500. Ratili ya waganga wa siku hizo ilikuwa na wakia 12, kwa hiyo hizo ni ratili 41 na wakia nane. Kwa vipimo vyetu ni zaidi ya kilo 15, kwa nusu saa tu! Mwili wa mtu mzima una damu ya lita tano hivi.

Sasa wewe niambie, ini litengeneze kilo 15 za damu kila nusu saa kutokana na chakula gani? Hata ule ugali wa sufuria nzima, hata unywe uji kwa ndoo. Na mwili nao uzile kilo hizo zote, uziweke wapi bila kupasuka? Harvey alipima damu ya kondoo, akaona kwa kipimo chake haizidi ratili nne. Aliwataja pia wachinjaji, ambao wanajua tangu jadi kwamba ng'ombe akikatwa mishipa ya shingo damu yake yote humwagika kabla ya robo saa kwisha. Aliyewahi kusimama karibu na mbuzi akichinjwa hatabisha. Basi damu inayotoka moyoni haiwezi kuwa mpya kila mara. Ni ile ile inayokwenda na kurudi.

Tazama ujanja wa hoja hii. Harvey alikuwa mbali sana na ukweli. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hutoa mililita 70 hivi kwa kila pigo, si 15, nao hupiga mara 70 hivi kwa dakika, yaani zaidi ya 2,000 kwa nusu saa. Jumla yake ni karibu lita 150 kwa nusu saa, mara tisa au kumi ya makisio yake! Lakini hilo halikumdhuru, kwani alihitaji kuonyesha kwamba hata kipimo kidogo kabisa tayari kinaishinda nadharia ya Galen. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha Harvey kilifurika mapema.

Hakuishia kwenye namba. Alichukua mtu mwembamba mwenye mishipa inayoonekana, akamfunga mkono kwa kitambaa juu ya kiwiko. Alipokaza kabisa, ateri zilizo ndani nazo zilibanwa, mkono ukawa baridi na mapigo yakapotea kifundoni. Alipolegeza kidogo tu, ateri zikafunguka lakini vena zilizo karibu na ngozi zikabaki zimefungwa. Hapo mkono ukajaa, ukawa mwekundu, vena zikavimba kama kamba. Damu ilikuwa imeingia kwa ateri na kukosa njia ya kurudi kwa vena. Kisha akaisukuma damu ndani ya vena kwa kidole kuelekea vidoleni, nayo ikagoma pale penye kilango. Akaisukuma kuelekea moyoni, ikapita bila taabu. Vile vilango vya mzee Fabricius vilikuwa milango ya upande mmoja. Hili unaweza kujaribu mwenyewe mkononi bila kifaa chochote, ila kitambaa usikikaze kwa muda mrefu.

Tuache London kidogo tuje zama zetu, maana swali la Harvey bado linaulizwa kila siku hospitalini: moyo wa mgonjwa huyu unatoa damu kiasi gani? Mwaka 1733 mchungaji Mwingereza Stephen Hales alichapisha kitabu ambamo alieleza jinsi alivyojaza nta katika ventrikali ya farasi aliyekufa, akaipima nta hiyo, akaizidisha kwa idadi ya mapigo. Hilo lilikuwa umbo halisi badala ya kukisia. Lakini farasi mwenyewe alikuwa amekufa. Mwaka 1953, katika mji wa Lund nchini Uswidi, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walichukua mtambo uliotumiwa kutafuta nyufa ndani ya chuma, wakauelekeza kwenye kifua cha mtu aliye hai. Mtambo hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, nayo yanagonga kuta za moyo na kurudi kama mwangwi. Ndiyo maana nilisema mkumbuke kamba: mwishowe mwanadamu naye amepata dirisha.

Hata hivyo dirisha lina matata yake. Picha ya kawaida ya mtambo huo ni bapa, na moyo una tumbo. Daktari afanyeje? Hukopa umbo kutoka kwenye hesabu. Tuseme chumba cha kushoto ni kama yai. Ujazo wa yai hilo ni urefu mara upana mara upana tena, kisha mara 0.52. Moyo ukiwa umejaa, picha inaonyesha urefu wa sentimita 9 na upana wa 5: ujazo ni mililita 117. Ukijikaza, urefu ni 7.5 na upana 3.5: ujazo ni mililita 48 hivi. Zimetoka mililita 69, yaani asilimia 59 ya zilizokuwemo. Ukizidisha kwa mapigo 70 unapata karibu lita tano kwa dakika. Chukua kalamu uhakikishe.

Shida ni kwamba moyo mgonjwa unaweza kukataa kuwa yai. Mwingine huvimba ukawa mviringo kama mpira, mwingine hutoa kinundu mahali misuli ilipokufa, na hapo kanuni ya yai hudanganya. Kwa hiyo leo wengine huikata picha vipande kama mkate na kujumlisha ujazo wa kila kipande. Wengine huipa kompyuta umbo la kuanzia pamoja na makisio ya ugumu wa misuli. Kompyuta hulinganisha umbo lake na kingo zilizoonekana pichani, husahihisha kidogo, hulinganisha tena, mpaka tofauti inakuwa ndogo sana. Halafu daktari husoma nguvu za moyo kutoka kwenye umbo lililokubali. Bado ni makisio, tena yenye hatari, kwani maumbo mawili tofauti yanaweza kuifuata picha moja vizuri vile vile. Harvey aliweza kukosea mara kumi na hoja yake isitikisike. Daktari wa leo akikosea kidogo tu anaweza kumpa mgonjwa dawa asiyoihitaji, au kumnyima anayoihitaji.

Turudi kwa mzee wetu. Kwa zaidi ya miaka tisa aliwaonyesha wenzake wa Chuo cha Matabibu majaribio yake kabla ya kuthubutu kuandika. Mwaka 1628, akiwa na miaka 50, kitabu chake cha Kilatini, De Motu Cordis, kilitoka Frankfurt. Kilikuwa na kurasa 72 tu, na makosa ya uchapaji tele, huenda kwa sababu mwandiko wa Harvey ulikuwa mbaya ajabu. (Kumbe maandishi ya madaktari ni ugonjwa wa tangu zamani!) Alikitabaruku kwa Mfalme Charles I, ambaye yeye alikuwa daktari wake.

Moto ukawaka. James Primrose alitoa kitabu cha kumpinga mwaka 1630. Jean Riolan wa Paris, mmoja wa wapasuaji maarufu wa Ulaya, alishikilia mafundisho ya Galen, na Harvey hakumjibu kwa maandishi mpaka 1649. John Aubrey, aliyemfahamu na kuandika habari zake, anaeleza kwamba baada ya kitabu kile wagonjwa walimpungua sana, kwa kuwa watu wa kawaida walimwona amerukwa na akili. Hebu fikiria daktari wa mfalme anaepukwa na watu! Na si kwamba alikuwa akitaka kupindua kila kitu. Harvey huyo huyo aliendelea kuwatoa wagonjwa damu kama walivyofanya Wagalen, ingawa hesabu yake mwenyewe ilikuwa imebomoa sababu nyingi za kufanya hivyo. Mtu anaweza kubomoa ukuta akaendelea kuuzunguka kwa mazoea.

Mwaka 1634 wanawake wa Lancashire walishtakiwa uchawi, na wanne wakapelekwa London. Mfalme aliagiza wachunguzwe, na Harvey akawekwa kusimamia wapasuaji na wakunga waliofanya kazi hiyo. Hawakuona alama yoyote isiyo ya kawaida. Katika nchi iliyokuwa ikinyonga watu kwa tuhuma za majirani, ripoti kama hiyo haikuwa jambo dogo.

Miaka michache baadaye mfalme alisikia habari za kijana mmoja, mtoto wa bwana mkubwa wa Ireland, aliyeumia kifua utotoni na kubakiwa na tundu ubavuni. Alimtuma Harvey. Kijana alikuwa mzima, mchangamfu, na katika tundu lile Harvey aliushika moyo ukipiga mkononi mwake. Akampeleka kwa mfalme, naye mfalme akaugusa. Kijana hakujua wameugusa isipokuwa kwa kuona. Moyo wenyewe haukuhisi kidole. Na kila ulipogonga, Harvey alithibitisha kwa mtu aliye hai kile alichokiona kwa vyura: moyo hugonga unapojikaza.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1642 alibaki upande wa mfalme. Katika mapigano ya Edgehill, mwezi wa Oktoba mwaka huo, alipewa wana wawili wa mfalme awatunze. Aubrey anasimulia kwamba alikaa nao chini ya ua wa miti, akatoa kitabu mfukoni, akasoma, mpaka risasi ya mzinga ilipotua karibu ndipo akahama. Nyumba yake ya London ilivamiwa na karatasi zake zikapotea, pamoja na utafiti wake wa wadudu. Inasemekana hilo lilimuuma kuliko hasara zote.

Uzeeni alisumbuliwa na jongo, akawa anaishi kwa ndugu zake, akinywa kahawa wakati Waingereza wengi walikuwa hawajaijua. Mwaka 1651 alitoa kitabu kikubwa juu ya mayai na uzazi wa wanyama. Mwaka 1654 Chuo cha Matabibu kilimchagua kuwa rais, akakataa kwa sababu ya umri. Bahati yake ni kwamba alipata kuyaona mafundisho yake yakikubaliwa na wengi. Alifariki tarehe 3 Juni 1657 akiwa na miaka 79, akazikwa kijijini Hempstead, Essex.

Jambo moja hakuliona. Alijua damu hutoka kwenye ateri ikaingia kwenye vena, lakini njia ya kuvukia hakuwahi kuitia machoni. Hesabu yake ilimlazimisha kuamini kwamba ipo. Mwaka 1661, miaka minne baada ya mazishi yake, Mwitaliano Marcello Malpighi alitazama pafu la chura kwa hadubini, akaziona kapilari.